Siku 28 Kati ya Nyumba Mbili

Bei ya nyumba yetu tuliibishania na mnunuzi wiki tatu. Tarehe ya makabidhiano tuliikubali kwa dakika mbili, tukiwa tumeshasimama kuagana, mume wangu anacheza na funguo za gari na dalali anapapasa mifuko kutafuta miwani yake. "Siku 60 zitawatosha, mama?" akauliza. Nikamjibu zitatosha. Zisitoshe kwa nini? Nyumba tuliyokuwa tunainunua nayo ilikuwa ya siku 60. Unatoka huku, unaingia kule, mambo yamekwisha.

Naandika haya kwa aliye katikati kama tulivyokuwa sisi: ana nyumba, anataka nyingine, na fedha ya kununulia hiyo nyingine imo ndani ya kuta za hii anayoishi. Mwenye uwezo wa kununua leo na kuuza atakapojisikia, shida hii haimhusu.

Ubishi wa kwanza ndani ya nyumba ulikuwa tuanze na lipi. Mume wangu alitaka tuuze kwanza. Mimi nilitaka tununue kwanza, kwa sababu nilishaiona nyumba ya mama mmoja mtu mzima, na moyo wangu ulihamia kule kabla ya vyombo. Wote tulikuwa na hoja. Ukiuza kwanza unajua ulicho nacho mkononi, na unapokwenda kununua unasikilizwa. Ila siku zinakukimbiza. Mnunuzi anataka kuingia, wewe hujapata pa kwenda, na mtu mwenye haraka huangalia ufa ukutani akajiambia ni rangi tu imebanduka. Ukinunua kwanza unahama kwa nafasi, lakini unabeba nyumba mbili: mikopo miwili, bima mbili, bili za umeme mbili. Na kila anayekuja kutazama ile ya zamani anaikuta tupu, sauti yake inarudi ukutani, naye anajua kuwa kila mwezi unaopita unakuuma. Nyumba tupu hujishusha bei yenyewe.

Wengi huamua jambo hili kwa tabia zao: mwoga anauza kwanza, jasiri ananunua kwanza. Afadhali kuuliza upande upi ni mgumu. Kama nyumba za aina ya yako hukaa miezi bila mteja, uza kwanza, usijifunge kwa mtu. Kama nyumba za aina unayoitaka huibuka mara moja zikanyakuliwa wiki hiyohiyo, ikamate hiyo kwanza, maana yako haitakosa mtu. Na usidhani ni soko moja. Yetu ilikuwa nyumba ndogo, ya aina ambayo wanaoanza maisha huitafuta kila siku. Ya yule mama ilikuwa kubwa, na wanunuzi wa nyumba kubwa ni wachache. Ilikuwa imekaa muda mrefu na hakuwa na mwingine wa kumtegemea. Maana yake sisi tulikuwa na nguvu pande zote mbili: mnunuzi wetu alitutaka, na muuzaji wetu alitutaka. Tungeweza kupanga siku tunavyopenda. Nguvu yote tuliimaliza kwenye bei, tukapata asilimia 2 zaidi, tukarudi nyumbani tukipongezana.

Basi tukauza kwanza, kwa maana ya kutia saini kwanza. Hapo nikajifunza hesabu.

Bei ya nyumba si fedha utakayopata. Ifanye bei iwe 100. Deni la benki kwetu lilikula 41. Hapa usitumie salio lililo kwenye taarifa ya mwezi. Iombe benki ikuandikie kiasi cha kumaliza deni kufikia tarehe fulani, kwa sababu riba hutembea kila siku, na mikopo mingine ina adhabu kwa anayelipa kabla ya muda. Taarifa yetu ilisema 39, barua ya benki ikasema 41. Hizo mbili tulizipigania wiki tatu kwa mnunuzi, benki ikazichukua kwa barua ya aya moja. Dalali akachukua 3. Wakili, kodi ya mauzo na vijideni vya huduma vikachukua 4. Ikabaki 52. Ukigeukia upande wa kununua, juu ya bei kuna mthamini, ushuru wa serikali, ada ya usajili, wakili tena, na benki inayokukopesha nayo ina makato yake. Mara nyingi gharama hizi hazimo kwenye mkopo. Zinatoka kwenye hizohizo 52.

Halafu kuna fundo la arabuni, ambalo hakuna aliyenionya. Mnunuzi wetu alilipa asilimia 10 siku ya kutia saini. Nilifurahi, nikadhani hiyo ndiyo nitakayompa yule mama. Wakili akatabasamu. "Dada, hiyo utaiona tu, huigusi." Inakaa kwenye akaunti ya wateja ya wakili hadi mauzo yakamilike, nisije nikaitumia kisha nikagoma kuhama. Ni haki kabisa, ila yule mama naye alikuwa anadai asilimia 10 yake sasa. Njia zipo. Unaweza kumwomba mnunuzi wako, kabla ya kusaini, akubali arabuni yake ipite kwenda kwa wakili wa muuzaji wako na ikae kule kwa masharti yaleyale. Unaweza kumwomba muuzaji apokee kidogo. Sisi la kwanza lilikuwa limetupita, tumeshasaini. Yule mama akakubali asilimia 5, tukazitoa kwenye akiba ya dharura, na kwa miezi mitatu iliyofuata nikaombea familia nzima afya njema.

Kabla hajakubali hilo, alikuwa amekataa jambo jingine. Tulitaka mkataba wetu wa kununua uwe na sharti kwamba unategemea kukamilika kwa mauzo ya nyumba yetu. Ikishindikana kule, na huku tunatoka na arabuni yetu. Sharti hili ndilo linalomwokoa mtu, na wauzaji hawalipendi, kwa kuwa linawafunga wao na kukuacha wewe huru. Wengi hulikubali kwa kuweka mlango wao wa kutokea: akija mnunuzi mwingine, wewe unapewa saa 48 au 72 uliondoe sharti au uondoke. Yule mama hakutaka hata hilo. Kilichombadilisha hakikuwa maneno. Mume wangu alirudi kwake na nakala ya mkataba wetu wa kuuza uliosainiwa, stakabadhi ya arabuni ya mnunuzi wetu, na barua ya benki inayosema itatukopesha kiasi gani. Akazisoma zote tatu, akavua miwani, akasema, "Ungekuja na hizi tangu mwanzo, mwanangu, tusingegombana."

Sasa nije kwenye siku 60.

Tulikuwa na mawakili wawili. Wa kuuza tulimpata kupitia jamaa, wa kununua alikuwa nafuu, nasi tulijiona wajanja. Mkataba wa kuuza ulisainiwa Jumatatu. Wa kununua, Ijumaa ya wiki hiyohiyo. Kila wakili aliusoma wa kwake vizuri. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona mikataba yote miwili juu ya meza moja. Waliokuwa nayo yote miwili ni sisi, nasi tuliiweka kwenye droo.

Wiki moja baadaye, Jumapili usiku, nilikuwa natafuta tarehe ya kuagiza lori. Nikaitoa mikataba, nikachukua bahasha ya bili ya maji, nikachora mistari miwili nyuma yake. Wa juu kuuza, wa chini kununua. Nikaanza kuhesabu. Mkataba wa kuuza unasema "siku 60 tangu tarehe ya kusaini". Wa kununua unasema "siku 60 za kazi tangu tarehe ya kusaini". Nikarudia kusoma. Siku 60 ni wiki nane na siku nne. Siku 60 za kazi ni wiki kumi na mbili kamili, na hiyo ni kama hakuna sikukuu katikati. Kwa bahati hazikuwepo. Mstari wa juu uliishia Ijumaa moja, wa chini ukaenda, ukaenda, ukatoka nje ya bahasha. Nikaunganisha karatasi nyingine kwa gundi. Siku 28. Wiki nne nzima tutakuwa tumeshatoa funguo za nyumba yetu na hatujapewa za nyumba yoyote.

Nikamwamsha mume wangu. Akahesabu kwa vidole, akahesabu kwa simu, akakaa kimya.

Tangu hapo, mtu akiniambia ana mkataba wa siku kadhaa, namuuliza maswali matatu tu. Ni siku za kalenda au za kazi? Zinahesabiwa tangu lini: kusaini, kupokea hati, au benki kutoa kibali? Na kukamilisha maana yake nini hapo: fedha kuingia, jina kubadilishwa kwenye usajili, au funguo kutolewa? Hayo matatu yanaweza kuangukia siku tatu tofauti, na mkataba mmoja ukachagua hili, mwingine ukachagua lile. Pale hati ya nyumba yako iko benki kama dhamana, ongeza na muda wa benki kupokea fedha yake, kufuta rehani na kuachia hati. Mnunuzi hataki kulipa mpaka awe na uhakika wa hati, benki haiachii hati mpaka ilipwe. Katikati hapo wanasimama mawakili na ahadi zao za maandishi, na ahadi hizo zina tarehe zake pia.

Tulikuwa na njia chache. Mtu wa kazini alinishauri nichukue mkopo wa muda mfupi, ule wa kuziba pengo: benki inakukopesha kwa dhamana ya nyumba unayoiuza, unanunua sasa, unalipa ukiuza. Mkopo huo upo na unasaidia watu, ila ni dawa ya ugonjwa mwingine. Ni wa aliyenunua kwanza na bado anasubiri fedha ya kuuza. Sisi fedha tungekuwa nayo. Tulichokosa ni paa. Na riba yake huwa juu kuliko ya mkopo wa kawaida wa nyumba. Mimi nisingeuchukua mpaka mauzo yawe yamefungwa kwa mkataba, kwa sababu mnunuzi akikimbia unabaki na madeni mawili na nyumba ambayo kila mtu anajua lazima uiuze.

Njia ya pili ilikuwa yule mama atupishe mapema. Alitaka, lakini hakuweza. Naye alikuwa ananunua nyumba ndogo, na aliyemuuzia alikuwa anasubiri yake imalizike. Ndipo nilipouelewa mnyororo. Tulidhani tunafanya biashara na watu wawili, kumbe tumeshikana mikono na familia tusizozijua, na mwendo wa wote ni mwendo wa aliye mzito kuliko wote. Huko England na Wales neno wanalolitumia ni hilohilo la mnyororo, na kwao ni kero zaidi, maana mnunuzi na muuzaji hawafungwi kisheria mpaka wabadilishane mikataba. Hadi siku hiyo mmoja akijitoa, wote walio nyuma na mbele yake wanabaki wameshika hewa. Dalali alikuwa anaujua mnyororo wetu tangu mwanzo. Hakusema, na simlaumu sana. Dalali hulipwa mauzo yakikamilika, kwa hiyo tarehe nzuri kwake ni ya karibu.

Njia ya tatu ilikuwa kumwomba mnunuzi wetu atuache ndani kama wapangaji wake. Nikampigia mwenyewe. "Dada," akaniambia, "na mimi napoishi nimepanga, na mkataba wangu unakwisha mwezi huohuo. Nikiwaacha ninyi ndani, mimi nilale wapi?" Hakuwa na ubaya. Alikwenda kwa mwenye nyumba wake, akapata nyongeza ya wiki mbili, nasi tukapata wiki mbili hizohizo. Tuliandikiana karatasi ya ukurasa mmoja, na kila mstari wake ulikuwa na kazi: siku ya kutoka, kodi ya kila siku, kodi maradufu kwa kila siku ya kupitiliza, sehemu ndogo ya bei kubaki kwa wakili mpaka tutoke, matengenezo madogo juu yetu, makubwa juu yake. Bima ya nyumba ikahamia kwake siku ya kukamilisha. Vyombo vyetu havikuwa ndani ya bima hiyo, ikabidi tuvikatie yetu.

Siku ya kwanza ya upangaji nilikuwa natoa misumari ya picha ukutani, nikaupata mmoja umekaza. Nikaenda kuchukua nyundo, kisha nikasimama nayo mkononi. Plasta ingebanduka. Nikampigia simu yule kijana aliyenunua nyumba yetu kumuuliza kama naweza kuung'oa au niubakishe. Akacheka, akasema, "Ng'oeni tu." Miaka kumi na moja nilipigilia nilivyotaka kwenye ukuta ule. Sikupiga simu tena, ila misumari mingine yote niliiacha.

Wiki mbili za pili vyombo vilikaa ghalani na sisi kwa dada yangu, watu wanne chumba kimoja. Hapo sina mengi. Utakachokihitaji kwanza kipakie mwisho, na hati zote zikae kwenye mkoba unaolala nao. Ukijumlisha kodi ya kijana, ghala, bima na lori mara mbili, zile asilimia 2 za bei zilikuwa zimekwisha na kidogo kingine juu yake. Ningerudi nyuma, ningempunguzia mnunuzi kitu nikamwambia: bei ni hiyo yako, ila siku nachagua mimi, kati ya ya 60 na ya 120, nikikupa notisi ya siku 14. Kuna wanaokubali hilo kwa furaha. Kwa mnunuzi fedha inaonekana, na siku hazimgharimu kama zinavyonigharimu mimi. Kwa huyu wetu, mwenye mkataba wa kupanga unaokwisha, labda tungekwama. Lakini tungejua mapema, tukiwa bado hatujasaini.

Siku chache kabla ya kukamilisha ununuzi, ikaingia barua pepe kwa jina la wakili wetu: akaunti imebadilika, tumeni salio kwenye namba hii mpya. Nembo ileile, lugha ileile, mpaka kosa lake la kawaida la kuandika jina la mume wangu. Mume wangu alishafungua programu ya benki. Nikamwambia apige kwanza, tena kwa namba iliyo kwenye mkataba, asitumie iliyo kwenye barua hiyo. Wakili hakuwa ametuma kitu. Matapeli huvizia hasa fedha za nyumba, kwa kuwa ni nyingi, hutumwa mara moja, na wanaotuma wamechoka. Kwa kweli sikushtuka kwa sababu ya busara. Nilikuwa tu nimechoka kiasi cha kutotaka kusoma namba mpya.

Na siku ya kukamilisha, kama bahasha ilivyokwisha kuniambia, ilikuwa Ijumaa. Kama unaweza kuchagua, usichague Ijumaa. Fedha yetu ya kuuza ilikuwa tayari kwa wakili, ila ya mkopo mpya benki iliitoa mchana, ikafika baada ya saa za kuhamisha. Hakuna aliyekosea. Saa tisa lori lilikuwa limesimama nje ya ghala, limejaa, dereva amejilaza kwenye usukani, na wakili ananiambia kwenye simu, "Jumatatu asubuhi, dada." Vyombo vikalala juu ya lori uani kwa mwenye lori siku tatu, na siku tatu zikalipiwa. Turubai lilikuwa na tundu. Nashukuru mvua haikunyesha.

Jumatatu saa nne simu ikalia: fedha imeingia, wakili wa yule mama amethibitisha, funguo ni zenu. Tukaenda, sisi mbele na lori nyuma. Tulipokata kona nikaona lori jingine limesimama getini, limepakiwa mpaka juu, godoro limefungwa kwa kamba ubavuni. Yule mama alikuwa kibarazani, amekaa juu ya boksi lililoandikwa VYUNGU, simu mkononi, mkoba wa hati mapajani. Alisimama aliponiona. Funguo alikuwa nazo zote, amezipanga kwenye pete moja, kila moja na karatasi yake: mlango wa mbele, jikoni, stoo, geti dogo. Akanikabidhi.

"Fedha yenu imefika, mwanangu, na yangu wameshaituma," akasema. "Ila kule bado hawajaithibitisha. Wameniambia nisubiri saa moja tu."

Mume wangu akamgeukia dereva wetu, akamwonyesha kwa mkono. Dereva akazima injini.